Mgongo wa Kioo

Gallo Diakhaté, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakufundishwa kuchora na mtu yeyote. Wateja waliofika kwake mjini Rufisque wakamuuliza mwalimu wake ni nani, aliwaambia ni mafuta ya taa. Walidhani anatania.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, akipaka rangi milango na madirisha ya watu, mama yake, Penda, alipofunga mzigo kwenda mji mtakatifu wa Touba kwenye ziara ya kila mwaka. Angekaa huko siku tatu. Alipofika mlangoni akageuka, akamwachia agizo moja tu: apanguse vumbi kwenye picha ya babu.

Picha hiyo ilichorwa upande wa nyuma wa kioo, ikitazamwa kwa mbele. Ilimwonyesha babu juu ya farasi mweupe, akielekea mlangoni, jinsi alivyoondoka kwenda kupigana vita vya Wafaransa, Penda akiwa bado tumboni. Hakurudi, na kaburi lake halijulikani lilipo. Fundi mmoja wa mtaani alimchora kwa kusimuliwa na bibi, na fundi huyo naye alikwisha fariki. Picha nyingine ya babu haikuwepo duniani. Kila alfajiri, baada ya swala, Mama Penda alimtazama baba yake pale ukutani akamwombea dua.

Gallo alipangusa mbele, kioo kikang'aa. Lakini palibaki doa kwenye mbingu, nalo lilikuwa kwa ndani. Akabandua kadibodi ya nyuma, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa kama alivyosafisha brashi zake, akafuta. Mbingu ikatoka yote. Akafuta tena ili kuweka sawa, mkia wa farasi ukatoka, ukafuatwa na farasi mwenyewe. Macho ya babu ndiyo yaliyobaki mwisho, yakimkodolea, kisha nayo yakaenda.

Dada yake mkubwa, Dibor, akaingia na ufagio.

"Gallo, babu yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Mama akirudi mwambie hivyohivyo. Ila nipe nafasi kwanza nikimbilie kwa jirani."

Hakukuwa na muda wa kulia. Gallo alileta makopo yake ya rangi, akaanza kama anavyopaka mlango: mbingu kwanza, kisha mchanga, juu yake farasi, juu ya farasi babu, na mwisho macho. Alifurahi mno, mkono wake haukuwahi kutii namna ile. Akakigeuza kioo mbele ya Dibor. Palikuwa na buluu tupu na mchanga chini yake.

Dibor alikaa sakafuni kwa kicheko. "Hongera, kaka yangu. Umechora hali ya hewa."

Siku nzima ikawa imepotea. Gallo akachukua tena mafuta ya taa, na alipokuwa anafuta, mkono ukasimama ghafla. Asubuhi ile mbingu ndiyo iliyotoka kwanza, na macho ndiyo yaliyotoka mwisho. Basi yule fundi wa zamani alianza na macho, akamalizia na mbingu! Alimwita Dibor, akamweleza kwa maneno yanayogongana, huyu asielewe kitu.

Siku ya pili walimchora babu kwenye karatasi, Dibor akimsahihisha: masharubu marefu zaidi, mguu wa farasi uinuke. Gallo akalaza kioo juu ya karatasi, akafuata mistari kwa wino. Kisha weusi wa macho, weupe wake, uso, kanzu, farasi. Wali wa samaki ulipoa pembeni yake mara mbili. Kila baada ya muda aliinua kioo na kuchungulia upande wa pili, na kila alipochungulia palikuwa na mtu aliyezidi kuwa hai. Asubuhi ya tatu aliweka mbingu, akakausha juani, akageuza. Babu alikuwa anamtazama. Gallo alisujudu palepale kwenye vumbi la uani.

Walipomtundika, Dibor alitazama picha, kisha mlango.

"Farasi alikuwa anaelekea mlangoni," alisema.

Sasa aliupa mlango mgongo. Karatasi ilikuwa sahihi, kioo ndicho kilichogeuzwa, na kulia kukawa kushoto. Kabla Gallo hajakishusha kioo, mama yao akapiga hodi na mzigo kichwani.

Alisalimia, akautua mzigo, akainua macho ukutani. Akakaa polepole kwenye mkeka wake wa swala. Gallo alipiga magoti akakiri yote, tangu doa mpaka mafuta ya taa, akasubiri kufukuzwa.

"Nimekua namwona anaondoka," Mama Penda alisema. "Kila asubuhi namwombea, na yeye anaondoka." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Leo anaingia. Usimguse tena, mwanangu. Dibor, leta maji, tumefika wageni wawili."

Gallo alichora vioo kwa miaka arobaini na mmoja baada ya hapo. Alijua vizuri kabisa jinsi ya kugeuza karatasi, lakini farasi wake wote walirudi nyumbani. Ijumaa iliyopita, waliotoka kumzika waliingia kwa mlango uleule kusoma dua, na babu juu ya farasi wake mweupe akawa anaingia pamoja nao.