Mlima Uliotuahidi Moto

Wenzangu mliobaki, ninyi mlioamia ndege, kuwafukuza mpungani, katika bonde la Kilombero kabla ya vita vya maji, nawaandikia ninyi. Wajukuu wakitaka kusoma wasome, ila wasinikatize kwa kicheko.

Enzi zetu mtoto hakuambiwa nenda kacheze. Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, alipandishwa kwenye dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, akiwa na kombeo lake, kikapu cha madonge ya udongo na kipande cha kambale aliyekaushwa kwa moshi. Huko juu ndiko alikocheza, akalia, akalala na kuota. Dungu letu lilikuwa refu kuliko ya majirani. Mama alilijenga mwenyewe, kwa kuwa Baba alikuwa amechukuliwa kulima pamba ya serikali ng'ambo ya mto. Kwa hiyo mpunga ule ndio uliokuwa chakula chetu chote, hakukuwa na kingine. Kwelea walikuja kama wingu lenye kelele, na ukisinzia kidogo tu, unaamka na kukuta mabua matupu. "Ndege haulizi kama una homa," Mama alizoea kusema, na kweli niliwahi kuamia nikiwa na homa, meno yakigongana, kombeo mkononi.

Katika msimu wa mwisho kabla ya vita, ardhi ilitetemeka. Mitungi iligongana, kuku wakarukia juu ya paa, na dungu letu likayumba kama mlevi atokaye kwenye ugimbi. Kesho yake wingu zito lilikaa juu ya mlima mmoja wa Udzungwa na halikutaka kuondoka.

Ndipo akida akaja na ngoma yake. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu nyeupe ambayo tope la kwetu lilikuwa limeapa kuimaliza. Akasema bwana mkubwa wa boma ameona dalili. Huenda mlima utapasuka na kutapika moto, nao utatiririka kama maji na kujaza bonde lote. Kila mtu ahamie upande wa Mahenge, karibu na boma, mpaka hatari ipite.

Watu waliutazama mlima. Kisha Babu Kitoga, mvuvi jirani yetu tuliyempa jina la samaki kitoga kwa sababu ya masharubu yake kama ya samaki huyo, akauliza kwa adabu mlima huo umekula nini hata utapike. Sauti nyuma ikajibu kwamba umelishwa pamba. Hapo kicheko kikaanza, na akida akapiga ngoma bure. Sisi tulijua kilichokuwa karibu na boma: barabara ya kuchimba na mizigo ya kubeba. Babu Kitoga akapangusa macho yake akasema, "Zamani walituma askari watuchukue. Naona askari wamechoka, wameajiri mlima."

Neno hilo lilitembea kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Mama mmoja alitangaza kwamba moto ukipita mlangoni kwake atabandika chungu cha maharage, apumzike kukata kuni. Wanywaji nao walikubaliana kwamba ugimbi wote uliokuwapo unywewe upesi, usije ukaungua ungali mtungini. Walifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa.

Lakini msidhani kwamba watu hawakuogopa. Waliogopa, ila kwa namna ya kwetu. Akida alikuwa amesema moto utatiririka kama maji, na sisi watu wa bonde tulijua jinsi ya kupokea kitu kinachotiririka. Tulifanya kama tulivyofanya kila mto ulipofurika. Vitanda vikainuliwa, kuku wakapandishwa darini, mitumbwi ikavutwa hadi milangoni. Babu Kitoga aliumwagia mtumbwi wake maji asubuhi na jioni, usishike moto utakapoelea. Mtu akamwuliza upondo wa kuusukumia mtumbwi huo atauchovya wapi. Akasema hilo ataliangalia litakapofika.

Mama alikataa kuhama, ila hakupuuza. Mpunga wa mwanzo, ule uliokwisha kukauka, aliutia katika mitungi, akaiziba kwa udongo, akaipanga ndani ya mtumbwi wa Baba na kuuficha kwenye matete. Uliobaki shambani alisema ataulinda ukiwa umesimama.

Siku chache baadaye alikuja askari kututoa kwa nguvu. Jina lake Abdala, kijana mrefu mwenye bunduki, na mbele ya kofia yake palikuwa na alama ya ndege aliyetandaza mabawa. Mama alimtazama kutoka juu ya dungu.

"We mwanamke, shuka. Moto unakuja."

"Una ndege kwenye kofia, mwanangu," Mama alisema. "Usimsogeze karibu na mpunga wangu."

Nilicheka, nikafinywa paja. Abdala akapiga ngazi kwa kitako cha bunduki na kuapa kwamba atalikata dungu.

"Likate. Nitakaa chini," Mama akamjibu. "Mpunga hauna miguu. Ungekuwa nayo, tungekwisha kuondoka wote, na wewe ungetukosa."

Alipokuwa akiitikisa nguzo kwa hasira, ardhi ilitetemeka mara ya pili. Sijui alipandaje. Najua tu kwamba bunduki ilibaki kwenye matope na mwenyewe alikuwa juu pamoja nasi, amekumbatia nguzo, amefumba macho. Mama hakumcheka. Alingoja dungu litulie, akamwekea kombeo mkononi na kumwambia kwamba aliyefika juu ana kazi moja tu. Basi Abdala aliamia ndege hadi jioni. Alikuwa na shabaha mbaya kuliko yangu, na alikula kambale wetu wote. Alipokuwa akishuka alisema polepole, "Mama, nitawaambia sikukuta mtu."

Mlima haukutapika. Waliopelekwa Mahenge kwa nguvu walirudi na malengelenge mikononi, wakakuta ndege wamewavunia. Sisi tulivuna. Majirani waliobaki kama sisi walitia mpunga wao kwenye vihenge vyao, lakini Mama aliiacha mitungi yake ndani ya mtumbwi. Walipomtania kwamba sasa ameolewa na mlima, alisema, "Mlima bado upo pale pale."

Kisha vita vikaja. Mnavikumbuka, sina haja ya kuvieleza. Wanaume walikunywa maji ya dawa na kwenda wakiamini risasi zitayeyuka. Baba alitoroka kwenye pamba akajiunga nao, hatukumwona tena. Vita vilipogeuka, askari walipita kijiji hadi kijiji wakitia moto vihenge. Siku walipofika kwetu tulilala kwenye matete, vichwa chini, na mpunga wa kijiji kizima ukaungua ukitoa harufu ya bisi. Sikuwahi kujua kama Abdala alikuwa miongoni mwa walioshika vienge.

Njaa iliyofuata iliwaua wengi kuliko risasi. Mama alifungua mtungi mmoja kwa wakati, akapima kwa kiganja, na akamgawia hata aliyesema ameolewa na mlima. Babu Kitoga alileta samaki alipowapata. Mtungi wa mwisho hakuufungua, ingawa nilimlilia. Huo ulikuwa wa mbegu.

Miaka ilipita, nikasoma shule ya misheni hadi darasa la mwisho, nikarudi likizo na viatu na maarifa. Nilimweleza Mama, mbele ya wageni, kwamba milima ya Udzungwa si ya moto, kwamba yule Mdachi wa boma alikosea na wanakijiji walikuwa wajinga zaidi, kumwagia mtumbwi maji. Wageni walicheka. Nami nilicheka.

"Kwa hiyo moto haukuja?" Mama aliuliza.

Alikuwa akitazama mahali kihenge chetu kiliposimama zamani, ambapo majani yalikuwa yameota. Mpaka leo ninaona haya kwa kicheko kile.

Siku hizi redio ikitangaza kwamba mto utafurika, vijana wetu wa Ifakara huongeza sauti ili wasikie muziki unaofuata. Wengine hukimbia hata kabla ya mtangazaji kumaliza, na kuacha mpunga shambani, kisha huja kwangu kuomba debe. Ni watoto wazuri, wamesoma kuliko mimi. Ila sisi tulijua kucheka na kujiandaa kwa wakati mmoja, na tulijua kitu cha kutokiacha.

Darini kwangu upo mtungi mmoja wa mpunga, umezibwa kwa udongo, na kila mavuno naubadilisha. Wajukuu huniambia, "Babu, mlima ulishalala zamani." Huwa nawaitikia kwa kichwa, kisha nawaomba wanishikie ngazi.