Nilivyopanda mikoko juu ya makumbi ya Bi Time

Wakuu, kwema?

Nitaje kosa langu mwenyewe kabla hajatokea Mpemba mwenzangu humu akanitajia. Mimi ndiye niliyeongoza watu kupanda mikoko juu ya makumbi ya wanawake wa kitongoji changu. Na siku ile nilipigiwa makofi.

Hii si chai. Kitongoji sikitaji, ila ukitoka Pujini ukashuka kuelekea pwani, muulize yeyote utakayekutana naye "katibu wa makumbi anakaa wapi", utaletwa mpaka mlangoni kwangu.

Kwa wasiojua: makumbi ni yale maganda ya nje ya nazi, yenye nyuzi. Wanawake wa kwetu wanayafukia kwenye tope la pwani miezi na miezi mpaka yalainike, wanayafukua, wanayapiga kwa gongo la mti, zinatoka nyuzi, wanasokota kamba. Kamba hizo ndizo zinazofunga fito za nyumba.

Sasa mjue na mimi ni nani. Nina form four yangu, na nashona kofia barazani kwangu. Mimi ni mtu wa ndani hasa. Pwani iko nyuma ya nyumba lakini habari zake nazipata kwa harufu.

Ulipokuja mradi wa kurudisha mikoko, Sheha, yaani kiongozi wa serikali hapa kwetu, akasema kamati inataka katibu anayejua kuandika na asiyepotea potea. Watu wote wakageuka wakanitazama. Yaani sifa ya kutotoka nyumbani ndiyo iliyonipa cheo cha kazi ya nje.

Nia ya mradi ilikuwa njema, hapo sitanii. Mikoko ya mkondo wetu ilikatwa sana, huyu boriti, yule kuni za chokaa. Mvua ikinyesha, udongo wa mashamba unashuka wote baharini, maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Uduvi umepungua. Yangeyange, wale ndege weupe, waliokuwa wakitua pale walishahama. Kisima cha bondeni nacho kimeanza kuingia chumvi.

Tukapewa semina skuli. Mtaalamu wa mradi, kijana mmoja mpole, alitwambia tupande ng'ambo ya mkondo, kwenye visiki, kwa sababu pale ndipo mikoko ilipokuwa ikiishi. Semina niliihudhuria yote, kwa maana ya kwamba mwili wangu ulikuwepo.

Tatizo, kwenda ng'ambo ni kuvuka tope la mapajani. Nilikwenda kupakagua nikiwa nimesimama huku.

Na huku, wakuu, palikuwa na kiwanja kizuri ajabu. Tope laini, jembe linaingia kama kisu kwenye mkate wa boflo. Kilichokuwa kikipachafua ni mawe tu na vijiti vilivyochomekwa ovyo, kila kijiti kimefungwa kipande cha kanga kuukuu. Nikasema hizi taka.

Nikatoa amri: kwanza usafi, halafu upandaji.

Mtaniuliza, hao wanawake walikuwa wapi? Walikuwa Msuka harusini, karibu wote, gari zima. Wanaume tuliobaki, makumbi hatuyajui. Wengine nahisi walijua, ila walitaka tumalize tukale.

Tukapanda miche mistari imenyooka kama mshono wa cherehani. Tukavaa fulana za mradi, tukapiga picha, Sheha akahutubia. Mawe tukayatupa mkondoni. Vijiti pamoja na vitambaa vyake tukavitia moto, na moto huo ndio ulioivisha pilau ya shughuli. Nilikula sahani mbili.

Siku zikapita, likaja bamvua, maji yakatoka mbali kabisa. Nipo barazani na kofia yangu, namuona Bi Time, jirani yangu, anatokea pwani na jembe begani na pakacha tupu.

"Katibu, upo?"

"Nipo Bi Time. Karibu ukae."

"Sikai. Kule mmepanda nini?"

"Mikoko, Bi Time."

"Juu ya makumbi yangu?"

"Makumbi gani?"

Alinitazama vile anavyotazamwa mtoto aliyekojoa msalani kwa mara ya kwanza akakosea tundu. Kisha akauliza, "Na kile kijiti changu chenye kanga nyekundu?"

Wakuu, nilikumbuka pilau.

Sasa mjue kilichokuwa kikimuunguza. Binti yake, Zuwena, ameachwa, karudi kwa mama na watoto wake. Chumba ni kimoja. Bi Time akamsimamishia nyumba pembeni, nguzo zipo, fito zipo, zimefungwa nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa inasubiri makumbi yale yatoke topeni. Na mawingu ya masika yalishaanza kukusanyika. Nyumba ikinyeshewa haijafungwa wala kuezekwa, kazi yote ya mwaka inaoza imesimama.

Mimi badala ya kuomba radhi nikaanza semina. Nikamwambia Bi Time mikoko inachuja maji, inazuia udongo.

Akasema, "Na Zuwena nikamlaze chini ya huo mchujo?"

Tukaenda kwa Sheha. Sheha naye ana lake: wageni wa mradi wako njiani kuja kuona miche. Akasema usiguswe hata mche mmoja mpaka wageni waje waone.

Bi Time akamwambia, "Sheha wangu, wageni wana kwao pa kulala."

Sheha akakohoa, akasema atalifikiria. Mnaojua ofisi mnajua maana yake.

Usiku sikulala vizuri, kwa sababu dirisha langu linatazama ile nyumba. Nguzo zimesimama tu zinanitazama. Asubuhi nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya, nikashuka pwani kwa miguu yangu. Miche yenyewe imeinama, majani njano, na maji yaliyotuama kwenye vishimo ni meusi yananuka yai viza.

Nikaipiga picha hali ile, nikamtumia mtaalamu wetu.

Akanipigia simu. Akauliza, "Katibu, hapa ni kwenye visiki?" Nikamwambia ni jirani na visiki. Akasema hapo miche itakufa yote, ihamishwe haraka, itolewe na udongo wake, kabla mizizi haijashika.

Nikampelekea Sheha simu asikie mwenyewe. Akatangaza kwamba ofisi yake imeamua miche ihamishwe. Sawa tu.

Kazi ile sitaisahau. Wanawake wanafukua huku, sisi wanakamati tunavusha miche ng'ambo kwa mapakacha. Tope likanifika mapajani kama nilivyoogopa. Lilichukua kandambili moja, nikairudia, likachukua ya pili.

Halafu makumbi yakaanza kutoka, meusi, malaini, tayari kabisa. Ya nani? Alama zimeliwa na pilau. Pakawa na maneno pale, kila mmoja anasema shimo lake lilikuwa hapa, mwengine anasema hapa ni pangu tangu bibi yangu. Mimi nilijifanya nahesabu miche.

Mwisho wakakubaliana wenyewe: yote yatakayotangulia kutoka yaende kwa Bi Time, kwa sababu yake ni nyumba, na mvua haingoji. Yatakayobaki watagawana. Hakuna aliyeniuliza rai yangu.

Waliniuliza jambo moja tu, kama mikono yangu ni mizima. Nikasema mizima. Nikakabidhiwa gongo.

Nimepiga makumbi, wakuu. Mwanamme mzima, katibu, nimekaa na wanawake napiga makumbi na kusokota kamba, wapita njia wananiuliza natarajia kujifungua lini. Vidole vya kushonea kofia vikavimba hata sindano sikuweza kuishika.

Nyumba ilifungwa, ikaezekwa, na Zuwena alihamia mvua ya kwanza ikiwa bado inatishia tu. Wageni nao walikuja, wakaona miche imesimama kijani katikati ya visiki, wakaisifu kamati kwa kuchagua mahali pazuri. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Yangeyange wachache wameanza kutua kule, nimewaona mwenyewe, siku hizi nashuka.

Funzo nililolipata: ukikuta kijiti kimechomekwa pwani na kitambaa, usikiguse. Uliza kwanza, na uulize wanawake, na kama wako harusini wasubiri warudi. Pwani haikuwa tupu, mimi ndiye nilikuwa sijatoka nje.

Mliowahi kuingizwa kwenye kamati kama hizi, mwageni yenu hapa nisibaki peke yangu. Na mwenye ujuzi wa kulinda miche michanga aseme, nitaifikisha kwa wenzangu.

Nilikuwa nafunga uzi huu, Bi Time kapita uani. Nikamuuliza, kwa kujisifu kidogo, ile kamba niliyosokota mimi imefunga upande gani wa nyumba. Namnukuu kama alivyosema:

"Nyumba nnataka isimame. Yako weye nilimfungia mbuzi, na mbuzi kaikata jana. Nenda kamtoe kwenye mikoko yenu."