Kamba ya Madoa

Shemeji yangu Kashinje, mke wa kaka yangu Nathanael, alikuwa na miaka hamsini na sita, na ng'ombe wanane alionunua kwa mpunga wake mwenyewe, alipoanza tena kuona damu ya mwezi. Ilikuwa imekoma miaka sita nyuma. Wanawake wa kijijini kwetu Kasokola wakampongeza. Kaka naye akaanza kutembea kifua mbele. Tumbo lilipovimba upande mmoja, akaniuliza kama mtoto wa uzeeni anaweza kupewa jina la babu.

Hospitali wakasema si mtoto, ni uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Akapelekwa Mwanza kwa treni, mwaka 1993, akapasuliwa. Barua ya binti yake Esteria, aliyemsindikiza, ilikuwa fupi: "Wamekuta kansa."

Kwetu hilo lilikuwa tangazo la msiba. Tukakaa kikao siku hiyohiyo, tukagawana ng'ombe, asije akapata taabu ya kugawa akiwa hoi. Mimi nilimchukua Madoa, mwenye maziwa kuliko wote. Ningechelewa, binamu angemchukua.

Miezi miwili baadaye Kashinje akashuka stesheni ya Mpanda, amenenepa. Alipofika nyumbani hakunywa hata maji, akaenda zizini, akalikuta tupu.

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Tuliambiwa kansa," kaka akasema.

"Mkauliza kansa gani? Nyie mkinunua ng'ombe mnamfungua mdomo, mnahesabu meno. Kansa yangu mmeipokea bila hata kuitazama."

Akatueleza. Aina yake ni adimu. Uvimbe wenyewe hutengeneza homoni za kike, ndiyo maana damu ilirudi. Hukua polepole, na wake ulikuwa haujatoka kwenye kile kifuko kimoja, umeondolewa wote. Wengi wanaokutwa mapema hivyo huishi miaka mingi.

"Kwa hiyo umepona kabisa?" nikauliza.

"Daktari amelikataa hilo neno kabisa. Anasema inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi na tano, ishirini, nipimwe kila mwaka mpaka nife. Hapo ndipo nilipomwamini. Muuzaji anayekutajia kilema cha ng'ombe kabla hujakiona, huyo usimwache."

Nikajaribu bahati. "Basi shemeji, kama inaweza kurudi, Madoa angebaki kwangu kwanza."

"Ikirudi nitakuita. Lete kamba. Na maziwa ya miezi miwili?"

"Tulikunywa."

"Basi miezi miwili utakuja kumkamua wewe, alfajiri, na kibuyu unaniachia."

Nilikamua.

Tangu hapo, kila mwaka akienda kupimwa, anapitia kwangu na kunikabidhi Madoa. "Shika kamba, shemeji. Usiizoee." Sijawahi kukaa nayo zaidi ya siku tisa. Mwaka huu, 1999, kamba yenyewe ilikuwa imechakaa, ikakatika mkononi mwangu. Aliporudi na majibu mazuri, akaniagiza nisokote nyingine, ya katani, imara.

"Ya miaka mingapi?" nikamuuliza.

"Wewe sokota tu."