Hakuna Kitufe cha Kutenganisha

Ukiingia siku hizi kwenye duka la miwani la Kirit mjini Thika, hakuna anayekuuliza ulipewa jina la nani. Unaulizwa nambari ya kitambulisho na ya simu, unaambiwa ukae, nawe unakaa. Wateja wa zamani bado husita kidogo baada ya kutaja majina yao. Wanangoja swali. Haliji.

Swali hilo lilikuwa la Dianah Ngendo, aliyekaa nyuma ya kaunta ile miaka kumi na sita. Alikuwa mwanamke mrefu wa Makongeni, mwenye sweta ya kijivu ya kazini na nyingine ya kijivu ya nyumbani, na sauti isiyopanda wala kushuka. Surekha, mke wa Kirit, ndiye aliyepima macho chumba cha ndani. Ngendo ndiye aliyeandika kadi, na kadi zilikaa kwenye maboksi ya viatu, kwa herufi.

Kirit alikuwa na duka la pili Ruiru, na huko waliandika kila kitu kwenye kompyuta, majina mawili tu, haraka haraka, mteja asiyetaja siku ya kuzaliwa akipewa tarehe moja Januari. Mwaka 2022 maduka yote mawili yakaingizwa kwenye sistimu moja. Asubuhi ya kwanza sistimu ilionyesha wateja wengi kuliko waliowahi kuingia. Mtu aliyepimwa Thika kisha akahamia Ruiru kufuata nyumba ya kupanga alikuwa watu wawili. Mwanamke aliyejiandikisha kwa jina la ubatizo, kisha la nyumbani, kisha la mume, alikuwa watatu.

Kirit alimpa Ngendo kazi ya kuwaunganisha. Sistimu iliweka rekodi mbili bega kwa bega, ikaandika asilimia ya kufanana, na chini yake kitufe cha kijani: Unganisha. Ukibonyeza, rekodi mpya hubaki na simu yake na vipimo vyake, ikirithi miadi tu ya ile ya zamani, na mengine ya zamani huhamia ukurasa wa historia, ambao hakuna mtu aliyewahi kuufungua.

Ngendo hakuamini asilimia. Aliamini simu na swali lake.

"Habari yako. Ni Ngendo wa duka la miwani. Ulipewa jina la nani?"

Kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza huchukua jina la baba ya baba yake, wa pili la baba ya mama. Kwa hiyo Wanyoike aliyetajwa upande wa baba si Wanyoike aliyetajwa upande wa mama, hata wakiishi ploti moja. Kwa miaka mingi Ngendo alikuwa ameandika jibu hilo kwenye pembe ya kila kadi. Aliwauliza watu wote bila ubaguzi. Rohan, wa duka la vyuma, alijibu kwa heshima kwamba jina lake lilichaguliwa na shangazi, dada ya baba yake. Akaandika, "shangazi." Tobias Okello alisema kwao Okello ni mtoto anayefuata mapacha. Akaandika, "mapacha," kisha akauliza mapacha wenyewe wanaona vizuri.

Aliunganisha rekodi elfu mbili mia moja na arobaini, kwa miezi mitano. Swali halikumwangusha hata mara moja, au ndivyo alivyojua.

Moja ya rekodi hizo ilikuwa ya Ephantus Wanyoike. Kadi ya Thika ilisema: mzaliwa wa 1968, fundi cherehani, kwenye pembe, "guka, baba ya baba." Chini yake mwandiko wa Surekha: presha ya macho iko juu, aitwe baada ya miezi mitatu apelekwe kwa daktari. Rekodi ya Ruiru ilisema: Ephantus Wanyoike, 1968, miwani ya kusoma. Sistimu ilitoa asilimia tisini na mbili. Ngendo alipiga nambari ya Ruiru, kwa kuwa ndiyo mpya.

"Ulipewa jina la nani?"

"La guka. Baba ya baba."

Akashukuru, akabonyeza.

Baba yake Ngendo alikuwa mwana wa pekee. Kwao jina la nyanya lilishuka mara moja, likamkuta yeye, likakoma hapo. Pengine ndiyo sababu hakuwahi kufikiria mzee mwenye wana wengi.

Miezi kumi na mitatu baadaye, Jumanne, mtu mwenye treya ya mayai mkononi alipanda ngazi za duka akasimama mbele ya kaunta.

"Madam, mnanisumbua na meseji. Nilinunua miwani ya kusoma, basi. Jicho langu mnalitafutia nini?"

Ngendo alifungua rekodi. "Hapa inasema Madam Surekha alikupima, akataka urudi."

"Hapa sijawahi kupimwa. Mimi hununua Ruiru. Hizi ngazi zenu ningezikumbuka."

"Wewe si Ephantus Wanyoike?"

"Ndiye."

"Ulipewa jina la guka."

"Mimi na wengine wanne."

Mtu yule akaweka treya juu ya kaunta, apate mikono ya kuelezea.

"Guka alikuwa na vijana watano. Kila mmoja akamtaja kwa mvulana wake wa kwanza, na jina lake la ubatizo pia, ili mzee asiseme amepunjwa. Kwa hiyo tuko Ephantus Wanyoike watano. Kwa mazishi pasta akisoma wajukuu anafika katikati anakunywa maji. Mimi ni wa mayai. Kuna wa matatu, wa kanisa, wa Nakuru, na wa cherehani."

"Wa cherehani alizaliwa lini?"

"Mwaka wangu. Lakini nimempita na wiki tatu. Huwa hapendi nikitaja."

"Anaona vizuri?"

Wa mayai alifikiri. "Yuko mtaa wa Landless. Siku hizi hashoni sana. Anasema uzi wa siku hizi ni mwembamba."

Ngendo alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaenda chumba cha ndani kumwambia Kirit.

"Sistimu ilisema asilimia ngapi?" Kirit aliuliza.

"Tisini na mbili."

"Basi ni sistimu, Ngendo."

"Sistimu haikubonyeza, boss."

Surekha alikuwa amesikia. Hakumlaumu mtu. Aliandika barua kwa daktari wa macho mmoja wa Ruiru, akaifunga kwenye bahasha, akasema, "Nenda sasa. Usimpigie. Nenda."

Ngendo alikwenda Landless kwenye gari la mayai, treya mbili magotini, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine. Wakamkuta fundi kwenye baraza ya nyumba yake. Cherehani ilikuwa imegeuzwa, ikitazama ukuta, ili mwanga uje upande wa kulia. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano kwa kugusa, ulimi nje.

"Wajina," wa mayai alisema, "nimekuletea watu wa macho."

Fundi aligeuza kichwa chote, si macho peke yake. "Sasa ndiyo mmekuja. Yule mama Mhindi aliniambia nitapigiwa simu baada ya miezi mitatu."

"Hukupigiwa," Ngendo alisema.

"Nilingoja."

"Ungekuja tu, baba."

"Niliambiwa nitapigiwa. Sikutaka kuonekana nina haraka." Alilipata tundu la sindano, akavuta uzi. "Nikasema labda kuna wagonjwa kunishinda."

"Meseji zako zilikuwa zinakuja kwangu," wa mayai alisema.

"Na hukuniambia?"

"Ningejuaje? Zilisema Ephantus Wanyoike."

"Hata shamba la guka ulilipata hivyo hivyo."

"Tusianze, wajina."

Ngendo aliwaambia ni yeye aliyewafanya kuwa mtu mmoja. Alieleza yote, kitufe pia. Fundi alisikiliza akiwa ameelekeza sikio.

"Na ukituunganisha," aliuliza, "macho uliyabakisha ya nani?"

"Yake."

"Huyu? Huyu hata kuku wake hawatambui."

Daktari wa Ruiru alimpima kesho yake. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha pembezoni, na kilichokwisha hakirudi. La kulia lingebaki kama angetia dawa kila siku na kupimwa kila miezi mitatu. Angekuwa amekuja mwaka mmoja mapema, daktari alisema, kisha akaona Ngendo ameketi pale na hakuimaliza sentensi.

Ngendo alirudi kazini akaanza kutafuta njia ya kutenganisha rekodi. Alimpigia Mwas, aliyewauzia sistimu.

"Kitufe cha kutenganisha kiko wapi?"

"Hakuna, Mami. Watu huuliza kuunganisha tu."

Kadi zilikuwepo bado. Kirit alitaka zichomwe, lakini Surekha alikataa kutupa maboksi kwa sababu yalikuwa maboksi mazuri. Ngendo alizitoa moja moja, akapiga simu elfu mbili mia moja na arobaini upya. Hakuuliza tena mtu alipewa jina la nani. Aliuliza, "Una wajina wangapi?" Ilimchukua miezi saba. Alipata jozi nyingine kumi na tisa za binamu waliokuwa wamegeuzwa mtu mmoja, na kila aliyepotea akamwandikia rekodi upya. Hakuna aliyekuwa na ugonjwa. Mmoja alikuwa amevaa miwani ya binamu yake mwaka mzima, na alipopewa yake akaomba arudishiwe ile ya kwanza.

Kirit hakumfukuza. Alimtangazia mbele ya wenzake kwamba mambo hayo hutokea. Ngendo alisema asante. Kila mara aliposikia printa ikitoa barua ya kumwita mteja, alisimama kwenda kusoma jina.

Kila miezi mitatu alimchukua fundi Landless akampeleka Ruiru, na kila mara alibeba faili lake, karatasi zimepangwa kwa tarehe na kuandikwa kwa mkono majina yote matatu, la baba yake likiwa limepigiwa mstari. Mara ya nne muuguzi aliangalia lile faili, akaangalia kabati lake mwenyewe, akaenda kumwita daktari.

Fundi anashona bado, sare za shule hasa, kwa sababu mistari yake ni minyoofu. Anatia dawa asubuhi na jioni. Meseji zake humfikia yeye.

Dianah Ngendo anafanya kazi ya rekodi katika kliniki ya daktari yule wa Ruiru, ghorofa ya pili, Jumatatu hadi Jumamosi saa sita mchana.