Ukirudi nyuma umwokoe mtu, halafu wewe usizaliwe: yamenikuta Msimbu

Wakuu, habari za mchana. Haya nimeyaona kwa macho yangu, anayetafuta chai apite uzi wa jirani.

Mijadala ya time travel humu huwa siikosi. Ile ya mtu kurudi nyuma akamuua babu yake, sasa yeye kazaliwa na nani? Nilikuwa naiona ni paradox ya kupotezea muda tu.

Kumbe ipo nyumbani kwetu.

Mama aliolewa kwanza na baba mkubwa, Shabani, wakamzaa dada yangu Zena. Siku moja mvua imekatika, baba mkubwa akapanda kuangua nazi za shughuli ya jirani. Mnazi umelowa, akateleza, akafa. Eda ilipoisha wazee wakakaa, mama akaridhia kurithiwa na mdogo wa marehemu. Huyo ndiye baba yangu, naye ameshatangulia.

Kwa hiyo kila tukimsomea dua baba mkubwa, naitikia amin huku najua asingeanguka, mimi nisingekuwepo.

Mimi naishi Mkuza, Kibaha. Mama anakaa kwa dada Zena huko Msimbu, na siku hizi kumbukumbu zinamkimbia.

Mwezi uliopita nilienda kumwona, nikamkuta analia, analazimisha kutoka nje. Dada akasema asubuhi alimwambia ukweli kwamba Shabani alishakufa, mama akaangua kilio kama msiba ndiyo kwanza umeingia.

Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba. Akanishika mkono kwa nguvu (nimefanana na mzee wangu kupita kiasi).

"Shemeji, kaka yako anataka kupanda na utelezi huu. Mimi hanisikii. Nenda kamzuie."

Wakuu, nilisita. Najua mtaniona mjinga, lakini mtu mzima na ndevu zangu niliogopa. Nikimkatalia, mama anafiwa mara ya pili kwa siku moja. Nikimkubalia, namzuia mtu ambaye kifo chake ndicho kilichonileta duniani.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye banda la kuku, machozi yakanitoka. Kisha nikarudi.

"Alishaanza kupanda, ila ameshuka, shemeji. Amesema ataangua jua likiwaka."

Mama akajifuta uso. Akamwambia Zena ainjike chai, baba yake anakuja. Akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia maisha yangu yote.

Nimerudi Msimbu mara kadhaa tangu siku ile. Mama katulia, anakula vizuri, halii tena. Anamtambua Zena kama mwanawe. Mimi ni shemeji tu. Juzi dada alimuuliza mbele yangu kama alipata mtoto wa kiume, akasema hapana, Mungu hakumjalia.

Inauma, sitaki kudanganya.

Nilichojifunza ni kwamba wanaosema huwezi kurudi nyuma hawajauguza mzazi wa namna hii. Kurudi unarudi. Ila huna uhakika kama utakaporudi huku utakuta nafasi yako.

Nyie mngemjibu nini? Semeni bila matusi.

Mimi akiniomba kesho, naenda kumshusha tena.