Ugali Ulioyeyuka Mbele ya Wakwe

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Jimbo la Ziwa, wanaolipa kodi na wanaojificha kwenye mtama kila akija mtoza kodi, ya kwamba Sayansi imewasili Mugeta. Haikuja kwa gari la serikali, wala haikupigiwa tarumbeta. Ilikuja pekupeku, kichwani mwa Alfonce Masatu, na siku ilipojionyesha, watu wazima walipiga ukunga.

Alfonce alikuwa mtu wa kawaida kabisa, maana yake hakuna aliyetarajia lolote kwake. Alibatizwa, akafukuzwa darasa la nne kwa kuuliza Nuhu aliwalisha nini simba mle safinani, kisha akapata kazi ya kufagia mazizi ya serikali kule Musoma. Huko ndiko alikomsikia Bwana Mifugo, Mwingereza mwenye magoti mekundu, akiwaeleza makarani kwamba mabua na pumba ni kama sanduku lenye kufuli: ng'ombe anakula, chakula kinabaki kimefungiwa humo. Ufunguo unaitwa enzaimu. Unakivunjavunja chakula ili tumbo lisihangaike.

"Hata nyie mnayo," alisema. "Imo kwenye kimea chenu cha pombe."

Makarani waliandika. Alfonce alifagia. Lakini neno lile lilimkaa, kwa sababu alikuwa na shida ambayo makarani hawakuwa nayo. Alimtaka Jenoveva, binti wa Mzee Bernado wa Butiama, na kiangazi kile Bernado alikuwa amekuja kuwatazama ng'ombe wa mahari. Aliwazunguka, akacheka.

"Alfonce, hizi ni ng'ombe au ni vitanda? Mbona naona mbao tu?"

Akampa nafasi moja: angerudi kabla ya mvua. Akikuta vitanda tena, Jenoveva ataolewa kwingine.

Alfonce akaacha ufagio wa serikali, akarudi kwao Mugeta, akanunua ulezi mnadani Bunda, akauloweka, akauacha uchipue, akauanika, akausaga. Hicho ndicho kimea, na kila mama wa Mara anakijua. Ndicho kinachoifanya pombe iwe pombe. Jipya ni pale alipokitia. Alikatakata mabua ya mtama, akayachanganya na pumba na maji ya vuguvugu, akanyunyiza kimea, akaacha vilowane, ndipo akawapa ng'ombe.

Kijiji kikashika vichwa. Mama yake, Getruda, akamwuliza kama anataka kuoa au anataka kuwafungulia ng'ombe kilabu.

Lakini ng'ombe walikula. Mbavu zikaanza kujificha moja moja.

Bernado akarudi na dada yake Marcelina, mwanamke ambaye Mungu alimpa kazi moja tu duniani, kutoridhika. Bernado akabonyeza nundu, akavuta mkia. Marcelina akatafuta ubavu wa kulalamikia, akaukosa, akashtuka mwenyewe.

"Zimenenepa," akasema, kama mtu anayeripoti wizi.

Kilichobaki ni kula tu. Jikoni, Getruda alikuwa anasonga ugali wa mtama, unga ukamwishia kabla ugali haujakaza. Ugali wa wakwe haulegei. Ukilegea, utachekwa hadi Nyakato. Akanyoosha mkono kwenye debe la pembeni, akachota unga wa rangi ileile, akakazia haraka haraka, akaepua, akaufinyanga kwenye beseni ukasimama kama kilima. Akaufunika.

Lilikuwa debe la kimea.

Bernado akasali. Alimwombea Baba Mtakatifu, Gavana, mvua, mbuzi wa paroko aliyepotea, na marehemu wote wa ukoo kwa majina yao. Yeye alifumba macho. Enzaimu, ndani ya joto lile chini ya kifuniko, haikufumba.

Getruda akafunua. Bernado akapeleka mkono kumega tonge, vidole vikazama vyote. Akavitoa, vinachuruzika. Kilima hakipo. Pana ziwa.



"Ugali umekufa," Marcelina akanong'ona. Kisha akapiga ukunga uliowatoa majirani mashambani. "Mama Alfonce! Umetupikia nini?"

"Ugali! Nimeusonga kwa mikono hii! Ulikuwa umesimama!"

Alfonce akachovya kidole, akalamba, akakuta utamu wa kimea. Akafurahi, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu.

"Siyo uchawi, baba! Ni enzaimu! Ndiyo nawapaga ng'ombe. Inavunjavunja kila kitu ndani ya tumbo."

Marcelina akashika tumbo lake kwa mikono miwili. "Inavunja tumbo?"

"Siyo tumbo, shangazi. Vilivyomo tumboni."

"Maini yamo tumboni!"

Bernado alikuwa ameshasimama, mkono kaunyoosha mbali na koti lake la kanisani. "Jenoveva haji nyumba hii. Leo mmeyeyusha ugali, kesho mtamyeyusha mwanangu."

Alfonce akaiona ndoa yake inaelea mle besenini.

"Baba, kaa. Nitaunywa wote. Nikiyeyuka, chukua ng'ombe na binti ubaki naye. Nisipoyeyuka, nipe mke."

Akalinyanyua beseni. Majirani walijaa uani. Getruda akaziba macho, akachungulia kati ya vidole. Koromeo likapanda, likashuka, likapanda, beseni likatua tupu.

Wakangoja. Kivuli cha ghala kikawafikia miguuni, nao wangali wanamtazama tumbo kama watu wanaongoja baruti. Alfonce akacheua mara moja, na Marcelina akaruka nusu ya uwanja.

Mwishowe Bernado akamsogelea, akambonyeza tumbo kwa kidole kama alivyobonyeza nundu. Likabonyea, likarudi. Mzee akashusha pumzi.

"Mkwe," akasema, na kwa neno hilo moja Getruda akakaa chini puu. "Hebu tuambie mbele ya watu wote. Hiyo enzaimu, sasa imo ndani yako. Unasikiaje?"

Alfonce akafikiri.

"Njaa," akasema. "Uji siyo chakula."