Cherehani Barazani

Fundi anayeandika vipimo, alisema Mama Mkasi, bado ni mwanafunzi. Yeye alikuzungushia futi ya kupimia, akakuambia "haya, nenda," na mwili wako mzima ukabaki kichwani mwake hadi nguo iishe. Kisukari chake nacho alikipima kwa kuhisi tu. "Ikipanda nitajua," alisema, huku akikoroga chai.

Kisha akamshonea mwalimu wa kwaya koti lenye mikono miwili ya kushoto.

Bintiye alifunga duka, akatia ufunguo mkobani. "Mama, mama mkubwa alianza hivihivi. Naye alikuwa na sukari, mwisho hakumjua hata mwanawe."

Wakaenda kwa daktari. "Sukari ikikaa juu miaka mingi," akaeleza, "huumiza mishipa midogo ya damu, hata ya ubongo. Na ubongo nao hutumia insulini. Ikishindwa kufanya kazi vizuri humo, kumbukumbu inaweza kudhoofika. Wenye kisukari wana hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu."

"Kwa hiyo nimekwisha?"

"Nimesema hatari, mama, sijasema hukumu. Wengi hawaupati. Hata sukari kuyumba tu huvuruga akili. Tutachunguza. Wewe meza dawa, tembea, pima sukari kwa kifaa."

"Na kushona aache?" binti akadakia.

"Hilo sijalisema."

"Umesikia?" Mama Mkasi akamgeukia. "Au kichwa kibovu ni chako?"

Lakini ufunguo wa duka haukutoka mkobani mwa binti. Basi asubuhi iliyofuata, binti alipofika kumjulia hali mamaye, alikuta cherehani kuukuu ya mkono imetolewa barazani, mteja amenyoosha mikono kama ndege, na Mama Mkasi anaandika vipimo kwa chaki juu ya kitambaa, mbele za watu.

"Mama! Wapita njia wanatuangalia!"

"Waangalie. Wenye nguo za kushona wasogee. Chai nanywa bila sukari, dawa nimemeza, vipimo naandika kama mwanafunzi. Yote hayo nimekubali. Kazi siachi. Siku nisipokujua, nifungie duka. Leo nakujua vizuri: ni wewe uliyelia kutwa nzima kwa sababu gauni la njano halikuwa na mifuko."

Mteja akaanza kucheka, kisha akauliza kama anaweza kushusha mikono.

"Bado," akasema Mama Mkasi, akimnyooshea bintiye ncha ya futi. "Wewe, shika hapa. Nisomee, na usinidanganye."

Binti akauweka ufunguo juu ya cherehani, akashika.